Masega ya Moshi Yanayopashwa Moto kwa Umeme: Yana Nini na Mfanyakazi?



Katika mikutano ya matawi, madereva na mafundi wa gereji wamekuwa wakituuliza maswali matatu. La kwanza: yale masega yaliyomo ndani ya bomba la moshi la gari yana kazi gani hasa? La pili: kwa nini wanunuzi wa vyuma chakavu wanayatafuta kwa udi na uvumba kuliko hata injini yenyewe? La tatu: je, ni kweli kwamba huko Ulaya yametengenezwa masega yanayopashwa moto kwa umeme, na kama ni kweli, umeme unatafuta nini kwenye moshi?

Maswali haya ni ya haki. Mtu anayelala chini ya gari kutwa nzima, na mtu anayevuta moshi wa gari hilo, lazima ajue kinachomwingia kifuani. Tena jambo lenyewe ni pana kuliko gereji moja. Linawagusa wachimba madini wa Afrika Kusini na Zimbabwe, wanaoyasafisha madini hayo, wanaounda masega viwandani, mpaka dereva wa lori la chai hapa kwetu. Basi tulitazame hatua kwa hatua.

MASEGA NI KITU GANI

Injini ya petroli huchoma mafuta kwa msaada wa hewa. Kama mafuta yote yangeungua sawasawa, ungetoka mvuke wa maji na hewa ya kabonidayoksaidi. Lakini hayaungui sawasawa, na kwa hiyo hutoka sumu za aina tatu.

Ya kwanza ni kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi wala harufu, na huua. Ya pili ni mabaki ya mafuta yasiyoungua, ambayo wataalamu huyaita haidrokaboni. Ya tatu ni oksaidi za naitrojeni, zinazozaliwa wakati hewa inapopata joto kali ndani ya silinda. Hizi huwasha macho na kuumiza mapafu.

Masega ni kopo la chuma lililowekwa katika njia ya bomba la moshi. Ndani yake mna tofali la kauri, au bati jembamba lililokunjwa, lenye vitundu vidogo vidogo kwa mamia na maelfu, mfano wa sega la nyuki. Ndiyo sababu mafundi wakaliita masega. Kuta za vitundu hivyo zimepakwa madini ya thamani: platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita humo, kaboni monoksaidi hugeuka kuwa kabonidayoksaidi. Mabaki ya mafuta hugeuka kuwa maji na kabonidayoksaidi. Oksaidi za naitrojeni hurudi kuwa naitrojeni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa tunayovuta kila siku.

Madini yenyewe hayaliwi katika kazi hiyo. Yanafanya kama mshenga: huwakutanisha watu wawili, wakaoana, naye akarudi kwao kama alivyokuja. Kwa hiyo masega yakitunzwa hufanya kazi miaka mingi, na ndiyo maana hata yale yaliyozeeka bado yana thamani.

Lakini tuelewane. Masega hayaondoi kabonidayoksaidi, ile hewa inayoongeza joto la dunia. Kazi yake ni kupunguza zile sumu tatu tulizozitaja.

SHERIA NDIYO ILIYOLETA MASEGA

Jiji la Los Angeles huko Marekani lilisumbuliwa sana na ukungu wa moshi baada ya Vita Kuu ya Pili. Watu walitokwa na machozi barabarani na mimea ikaharibika mashambani. Mwanasayansi Arie Haagen-Smit alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwamba ukungu ule ulitokana na moshi wa magari na wa mitambo ya mafuta, ukipikwa na jua. Wakati huohuo mhandisi Mfaransa Eugene Houdry, aliyekuwa akiishi Marekani, alikuwa ameanza kutengeneza masega ya kwanza.

Hata hivyo masega hayakufungwa katika magari ya watu wote kwa miaka zaidi ya ishirini. Ujuzi ulikuwapo, lakini hakuna tajiri aliyetaka kuongeza gharama yake bila kulazimishwa. Mwaka 1970 Marekani ilipitisha sheria kali ya hewa safi. Kampuni za magari zililalamika kwamba muda ni mfupi na gharama ni kubwa mno. Sheria ikabaki, ingawa tarehe zilisogezwa, na magari ya mwaka 1975 yakaanza kutoka viwandani yakiwa na masega. Ulaya ilifuata, na kuanzia mwaka 1992 magari mapya ya petroli ya huko yalilazimika kufikia kipimo ambacho kwa kawaida hakikufikiwa bila masega.

Hapo pana somo kwa sisi wa vyama. Mara nyingi husemwa kwamba kinga ya afya haiwezekani, mpaka siku sheria inapoilazimisha. Siku hiyo huwezekana.

Masega yana adui mmoja mkubwa, nao ni petroli yenye risasi. Risasi huyafunika madini yale na kuyafanya kama yamekufa. Basi yalipoingia masega, ilibidi risasi iondoke, na hiyo ilikuwa faida kubwa kwa watoto, kwani risasi hudhuru akili yao. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliacha petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Salfa iliyomo katika mafuta nayo ni adui. Kuanzia Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilianza kuingiza dizeli yenye salfa kidogo sana kuliko ile ya zamani.

MASEGA BARIDI HAYAFANYI KAZI

Sasa tufike kwenye umeme. Pasi ya mkaa ikiwa baridi hainyooshi nguo, hata ukiisukuma mpaka jioni. Masega nayo ni vivyo hivyo. Yakiwa hayajafikia joto la nyuzi kati ya 250 na 300 za Selsiasi, moshi hupita tu ndani yake kama unavyopita katika bomba tupu. Yakishapata joto hilo, huondoa sehemu kubwa sana ya sumu.

Joto hilo hutoka wapi? Kwa kawaida hutoka kwenye moshi wenyewe. Dereva akiwasha gari alfajiri, chuma chote ni baridi. Moshi hutumia joto lake kupasha bomba kwanza, kisha kopo, kisha tofali la ndani. Huchukua muda. Na katika muda huohuo injini baridi hupewa petroli nyingi kuliko kawaida ili isizimike, kwa hiyo sumu nayo huwa nyingi kuliko kawaida. Wapimaji wa maabara wameona kwamba katika gari la petroli lenye masega mazuri, zaidi ya nusu ya mabaki ya mafuta katika jaribio zima hutoka katika dakika moja au mbili za mwanzo.

Maana yake nini? Gari linaloonekana safi barabarani ni chafu pale linapowashwa. Na pale linapowashwa ndipo wanaposimama mlinzi, mwosha magari, fundi na utingo.

UMEME UNAPOINGIA

Wahandisi wakajiuliza: kwa nini tungoje moshi uyapashe masega? Mbona tusiyapashe wenyewe, kama tunavyopasha jiko la umeme?

Wakachukua bati jembamba la chuma kisichoshika kutu upesi, wakalikunja kuwa sahani yenye vitundu, wakaipaka madini yaleyale. Sahani hiyo ndogo huwekwa mbele ya masega makubwa. Mkondo wa umeme wa betri ukipitishwa ndani yake, bati hukataa mkondo na hupata moto, kama koili ya jiko inavyogeuka nyekundu. Kwa sekunde chache sahani imeshafika kwenye joto la kazi. Hapo huanza kuunguza sumu, na moto wa kuungua huko huyapasha masega makubwa yaliyo nyuma yake. Kompyuta ya gari ikiona yameshika moto, hukata umeme.

Kazi hii ilishika kasi mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa sababu mwaka 1990 jimbo la California lilitangaza vipimo vikali zaidi vya moshi. Kampuni za Marekani, Japani na Ujerumani zilishindana. Mwaka 1995 kampuni ndogo ya Alpina ya Ujerumani, iliyokuwa ikiyatengeneza upya magari ya BMW, ilitoa gari lake liitwalo B12 5.7 likiwa na masega ya kupashwa kwa umeme kutoka kampuni ya Emitec. Lilikuwa gari la watu wenye fedha nyingi, lenye injini ya silinda 12.

Kisha ufundi huo ukawekwa kando na kampuni nyingi. Sababu yake inaweza kuelezwa kwa hesabu ndogo. Tuseme sahani inahitaji wati 1,500. Betri ya gari la kawaida ni ya volti 12. Ukigawanya 1,500 kwa 12 unapata ampea 125. Huo ni mkondo mkubwa. Unataka nyaya nene na swichi imara, na unaichosha betri palepale inapotakiwa kuzungusha staa. Wahandisi wakapata njia za bei nafuu: wakayasogeza masega karibu kabisa na injini, wakapunguza uzito wa bomba, na wakachelewesha cheche ya plagi dakika ya kwanza ili moshi utoke ukiwa na joto zaidi. Kwa magari mengi njia hizo zilitosha.

Lakini ufundi umerudi tena, na umerudi kwa sababu ya magari yanayotumia petroli na umeme pamoja. Katika magari hayo injini huzimika na kuwaka mara nyingi njiani. Inapozimika, masega hupoa. Inapowaka tena, sumu hutoka kama asubuhi. Tena magari hayo yana betri kubwa. Mengine yana umeme wa volti 48, na hapo hata wati 4,000 zinataka ampea zisizozidi 84. Mzigo umekuwa mwepesi. Malori ya dizeli nayo yana shida hiyohiyo, kwani moshi wa dizeli una joto dogo kuliko wa petroli, hasa gari likienda polepole mjini. Mwaka 2024 nchi za Umoja wa Ulaya zilipitisha kanuni mpya za moshi ziitwazo Euro 7, na watengenezaji wanatafuta kila njia ya kuyafanya masega yashike moto mapema.

JASHO LILILOMO NDANI YA KOPO

Ndugu, tusiishie kwenye ufundi. Tuulize pia: madini haya yanatoka wapi, na anayeyatoa anapata nini?

Karibu asilimia 70 ya platinamu inayochimbwa duniani hutoka Afrika Kusini, na rodiamu hutoka huko zaidi ya asilimia 80. Zimbabwe nayo ina platinamu nyingi katika mwamba uitwao Great Dyke. Huko Rustenburg na kandokando yake, tani moja ya mwamba hutoa gramu chache tu za madini ya kundi hili, kwa kawaida kati ya 3 na 6. Masega ya gari moja yana gramu chache vilevile. Kwa hiyo nyuma ya kila kopo mna tani ya mwamba, au pungufu kidogo, au zaidi, ambayo mtu ameitoboa na kuilipua chini ya ardhi. Tabaka lenye madini ni jembamba, mara nyingi kiasi cha mita moja, na mtoboaji hufanya kazi akiwa amejikunja, katika joto na kelele.

Watoboaji hao ndio waliogoma katika mgodi wa Marikana mwezi Agosti 2012. Walidai mshahara wa randi 12,500 kwa mwezi. Tarehe 16 Agosti polisi waliwapiga risasi wakaua watu 34 siku moja. Watu wengine 10 walikuwa wameuawa katika siku zilizotangulia, wakiwamo polisi na walinzi. Mwaka 2014 wafanyakazi wapatao 70,000 wa migodi ya platinamu waligoma tena kwa miezi mitano, kuanzia Januari hadi Juni. Wengi wao ni watu waliotoka mbali, Eastern Cape, Lesotho na Msumbiji, wakiacha familia nyumbani. Sisi wa mashambani tunaijua hali hiyo ya kulala kambini na kutuma fedha kwa simu.

Sasa kuna wasiwasi mpya. Gari linalotumia umeme peke yake halina ekzosi, wala halina masega. Magari hayo yanaongezeka, na kufikia mwaka 2023 bei za paladiamu na rodiamu zilikuwa zimeshuka sana toka zilipokuwa mwaka 2021. Mwezi Februari 2024 kampuni ya Anglo American Platinum ilitangaza mpango wa kupunguza nafasi za kazi zipatazo 3,700. Huko Gqeberha, mji uliokuwa ukiitwa Port Elizabeth, wako wafanyakazi wa viwanda vinavyounda masega kwa ajili ya kuuza nje. Nao wanatazama magari ya umeme kwa jicho la mashaka. Hakuna mfanyakazi mwenye akili anayependa moshi. Lakini hewa ikisafishwa kwa kumtupa nje mchimbaji bila fidia wala mafunzo ya kazi nyingine, gharama imehamishwa kutoka kwenye mapafu ya mmoja kwenda kwenye sufuria ya mwingine. Vyama vya huko vinadai mabadiliko ya haki, na sisi tuwaunge mkono.

UGONJWA WA WANAOSAFISHA

Platinamu ikiwa chuma kitupu haina madhara makubwa kwa ngozi au kifua. Taabu iko kwenye chumvi zake, hasa zile zenye klorini, zinazotumika katika kusafisha madini na kupaka masega. Mwaka 1945 madaktari wa Uingereza walichapisha uchunguzi wa wafanyakazi wa viwanda vya kusafisha platinamu. Wengi walikutwa na kikohozi, mafua yasiyokwisha, vipele na pumu. Mtu akishaguswa na ugonjwa huo, hata vumbi dogo sana la chumvi hizo humrudishia pumu. Dawa ya kweli ni kuondolewa mahali pale mapema.

Basi swali la chama ni hili: anayeondolewa kwa sababu ya afya, anapewa kazi nyingine kwa mshahara uleule, au anaoneshwa mlango? Asipohakikishiwa mshahara, ataficha ugonjwa wake mpaka uwe wa kudumu. Jambo hilo si la platinamu peke yake. Tunaliona pia kwa wanaopulizia dawa mashambani na wanaovuta vumbi la chai kiwandani.

HATARI ZILIZO KARIBU NASI

Turudi kwetu. Magari mengi tunayoendesha yameletwa yakiwa yamekwisha kutumika Japani na Ulaya. Mengine huletwa masega yakiwa yamekwisha kung'olewa. Mengine hung'olewa hapahapa. Nazo hatari ni hizi.

Moja, moshi ndani ya nyumba. Katika kiwanda kimoja cha chai nilichotembelea kuandikisha wanachama, nilikuta pikapu na lori huwashwa saa kumi na moja alfajiri ndani ya banda lililofungwa milango kwa ajili ya baridi. Walinzi wawili walikuwa wakilala humo humo. Walinieleza kwamba kila asubuhi wanaumwa kichwa, wanaona kizunguzungu na kutaka kutapika, nao walidhani ni malaria. Tulipozungumza na meneja alijibu kwamba gari lile ni la kisasa, lina masega, kwa hiyo moshi wake ni safi. Sasa ndugu, mmeshaelewa kosa la jibu lile. Masega baridi hayasafishi kitu. Kaboni monoksaidi hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mtu aliyelala huweza asiamke. Mpaka leo hakuna masega, yawe ya umeme au ya kawaida, yanayomfanya mtu awe salama ndani ya banda lililofungwa.

Mbili, moshi wa dizeli. Mwezi Juni 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ulitangaza kwamba moshi wa dizeli unasababisha saratani kwa binadamu. Foklifti ya dizeli ndani ya ghala la sukari na trekta lililowashwa karibu na mizani ya majani ya chai si mambo madogo.

Tatu, moto. Masega yaliyoshika kazi huwa na joto la mamia ya nyuzi. Gari likiegeshwa juu ya nyasi kavu, majani ya miwa au nyuzi za katani, linaweza kuwasha shamba. Haya ya umeme yanataka uangalifu zaidi, kwa sababu yanaweza kuwa na moto hata kabla injini haijanguruma. Fundi asidhani kwamba gari lililo kimya ni gari lililopoa. Tena asiguse nyaya zile nene kabla ya kuzima mfumo na kukata umeme kama kitabu cha gari kinavyoagiza.

Nne, vumbi la kukata. Kati ya kopo na tofali mna kitambaa kama pamba, cha kuzuia tofali lisigonge. Katika masega mengi pamba hiyo ni ya nyuzi za kauri, na nyuzi za aina hiyo zinashukiwa kuleta saratani zikivutwa kifuani. Vijana wanaopasua masega kwa msumeno na nyundo bila kujifunika pua wanajiumiza kwa faida ya mnunuzi.

Tano, wizi na lawama. Mwezi Machi 2021 bei ya rodiamu ilikaribia dola 30,000 kwa aunsi moja, na wizi wa masega ukaenea duniani. Mwaka 2023 bei ikaanguka hata chini ya dola 5,000, lakini wizi haukukoma. Dereva mmoja, mwanachama wetu, alikatwa mshahara miezi minne kwa madai kwamba aliuza masega ya gari la kampuni. Chama kilipoomba kuona karatasi za makabidhiano, hazikuwapo. Hakuna aliyejua kama gari lile lilinunuliwa likiwa na masega au la. Gari lilikuwa limelala gereji za watu mara tatu. Mashtaka yakafutwa, na fedha zikarudishwa nusu. Nusu ya pili bado tunaidai.

LA KUFANYA

Mkataba Na. 155 wa mwaka 1981 wa Shirika la Kazi la Kimataifa unasema kwamba hatua za usalama na afya kazini hazipaswi kumgharimu mfanyakazi hata senti moja. Unasema pia kwamba mfanyakazi aliyejiondoa mahali penye hatari kubwa ya karibu, kwa sababu za kweli, asiadhibiwe. Mwezi Juni 2022 mkataba huo uliingizwa katika mikataba ya msingi, ambayo kila nchi mwanachama wa shirika hilo inawajibika kuheshimu kanuni zake. Kwa hiyo tunapodai haya tunadai kilicho chetu.

1. Gari lisiwashwe ndani ya banda lililofungwa. Litolewe nje kwanza, au milango yote ifunguliwe. Mtu asilale kamwe mahali magari yanapowashwa.

2. Walinzi wapewe chumba chao mbali na magari. Kama ni baridi, wapewe makoti na mablanketi, wala wasiachwe kutafuta joto la injini.

3. Mfanyakazi mwenye kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kazini atolewe kwenye hewa safi mara moja na apelekwe kwa mganga. Mganga aelezwe kwamba alikuwa karibu na moshi, ili asitibiwe malaria peke yake.

4. Foklifti za ndani ya maghala ziwe za umeme pale inapowezekana. Pasipowezekana, ghala liwe na hewa ya kutosha.

5. Mahali pa kuegesha pafyekwe na kufagiwa, na ndoo za mchanga ziwe karibu.

6. Kila dereva adai daftari la makabidhiano. Liandikwe kama gari lina masega au halina, siku ya kulipokea, siku ya kulipeleka gereji na siku ya kulirudisha. Fundi na dereva watie sahihi. Daftari la shilingi chache huokoa mshahara wa miezi.

7. Fundi asikubali kung'oa masega kwa amri ya mdomo. Mwenye gari akitaka yang'olewe, aandike kwa mkono wake. Masega yaliyoziba hutafutiwa sababu yake, kama vile plagi mbovu au injini inayokula oili, kwa kuwa mapya yakifungwa bila sababu kuondolewa, nayo yataziba.

8. Gereji inayofungua masega ya zamani itoe barakoa za kweli za vumbi, si vitambaa, na kazi ifanyike penye hewa, kwa kulowesha vumbi.

Kila tawi liyajadili haya katika mkutano wake ujao, lichague mtu wa kukagua mabanda ya magari, na litume taarifa kwa katibu. Matawi yenye madereva wengi yaanze na jambo la sita, na matawi yenye walinzi yaanze na la kwanza na la pili, kwa sababu hilo la banda lililofungwa haliwezi kungoja mwezi mwingine.

Huko ughaibuni wametumia miaka thelathini na zaidi, na fedha nyingi, ili kuziokoa dakika mbili za asubuhi. Hiyo yatuonyesha jinsi dakika hizo zilivyo na sumu. Sisi hapa, kwa leo, tunaweza kuziokoa kwa kusukuma gari nje ya banda. Wala meneja asituambie kwamba hana fungu la kufungulia mlango.

Umoja ni nguvu.